Wapokea Mvua wa Nhumbi

1

Mhandisi Zefania Msanjila alifika nyumbani kwa Keziya Mlewa saa mbili asubuhi, siku ambayo mvua ilikuwa imepangwa kunyesha saa tisa alasiri. Alimkuta uani anaanika majani ya mlenda kwenye ungo. Alisalimia upesi, kisha akamnyooshea kitabu chembamba cha watoto, kilichochakaa hadi pembe zake zimelika.

"Mwalimu, hiki ni chako?"

Keziya alifuta mikono kwenye kanga yake. Hakuwa na haja ya kukipokea ili akijue. Jaladani palikuwa na jua la rangi ya udongo mwekundu, na chini yake tone moja la maji lenye macho mawili. *Maji Hayapotei*. Alikichora kwa mkaa na udongo miaka kumi na sita nyuma, akiwa mwalimu wa watoto yatima katika kambi ya Chilanga. Baadaye kanisa likakichapisha, na kila mtoto wa kambi akapewa chake.

"Ni changu," alisema. "Umekitoa wapi?"

"Nimekiokota Nhumbi, korongoni. Kuna watu mia moja na arobaini mle tangu alfajiri, wote watoto wako wa kambi. Wameketi mchangani na vitabu vyao, wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

Mhandisi alimtazama kwa mshangao. "Mwalimu. Wanawasubiri wazazi wao."

Juu ya vichwa vyao matiara ya kuleta mvua yalikuwa yakivuma. Yalikuwa elfu sita, yamepandishwa tangu juzi, kila moja jembamba kama ganda la kitunguu na pana kama mlango wa kanisa, yamefungwa kwa nyaya ndefu kwenye vituo vilivyotapakaa nyanda zote. Kwa miaka kumi na tisa watu waliamini kwamba anga limekauka. Halikuwa limekauka. Mvuke ulipita juu yao kila msimu kutoka baharini na ziwani, ila matone yake yalikuwa madogo mno, hayashikani, yakapita tu kwenda kuanguka kwa wengine. Kazi ya tiara ilikuwa kuyatia matone hayo umeme kidogo ili yavutane, yanenepe, yawe mazito, yaanguke.

Kazi hiyo ilikuwa na mvumo wake. Haukuwa mkubwa. Ulifanana na watu wengi wanaozungumza chumba cha pili, mlango ukiwa umerudishwa. Mwezi uliopita, kwenye majaribio, mmoja wa waliolelewa kambini alisimama sokoni, akainua uso, akasema: "Yule ni baba. Yule anayekohoa." Wenzake nao wakaanza kusikiliza.

Keziya mwenyewe alikuwa akilala na pamba masikioni tangu juzi.

"Waambie watoke," alisema.

"Nimewaambia. Nimewaambia ardhi imeoka kama chungu, haitakunywa kitu, maji yote yatakimbilia korongoni. Nimewaambia mvua itaanza vilimani mapema kuliko hapa, kwa hiyo maji yatawafikia kabla hata tone moja halijawagusa. Wananisikiliza vizuri kabisa. Halafu wananisomea ukurasa wa kumi na mbili."

Keziya aliujua ukurasa huo kwa moyo. *Mvua ikija, usikimbie. Simama uipokee. Wanakuja kukuona.*

"Nyemo yumo?" aliuliza.

Mhandisi alitazama chini. "Binti yako alikuwa mpiga hesabu wangu bora pale kituoni. Jana aliomba ruhusa. Ndiye aliyewaongoza."

2

Katika gari Msanjila alimpa kipaza sauti na karatasi. Karatasi ilikuwa na mistari minne: *Mimi, Keziya Mlewa, mtunzi wa kitabu, ninakiri kwamba niliyoyaandika si kweli. Wazazi wenu walikufa. Hawarudi. Tokeni korongoni.*

Aliisoma, akaikunja.

"Ahirisha mvua," alisema.

"Wingu limeshabeba. Nikiyashusha matiara sasa, litaachia lote kwa mkupuo mmoja, na hapo hatutazungumza habari za korongo tu. Halafu kuna vijiji arobaini vimepanda uwele kwa mbegu ya mwisho waliyokuwa nayo. Nao niwaambie nini?"

"Askari?"

"Ninao kumi na wawili. Wale ni mia na arobaini, nusu yao wamejifunga kamba wao kwa wao. Watasikiliza mtu mmoja tu, mwalimu. Soma hiyo karatasi."

Keziya alikifungua kitabu magotini. "Nionyeshe ukurasa wa uongo."

Mhandisi alitupa jicho. "Wa kumi na moja." Ulikuwa na umbo la mwanamke aliyelala, na mistari saba ya mvuke inayopanda kutoka mwilini mwake, na vidole vyake juu kabisa vinageuka kuwa wingu.

"Mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Ukikauka, maji hayo yanakwenda wapi?"

"Mwalimu, usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza. Wewe ndiye mtaalamu."

"Yanapanda," alisema Msanjila. "Lakini wewe unajua hukuwa unawafundisha hilo."

Keziya alikifunga kitabu. Alijua.

Mwaka wa tatu wa ukame, gari la maji la kambi ya Chilanga halikufika kwa siku kumi na moja. Watu wazima walianza kuwaachia watoto vikombe vyao. Hakuna mkutano uliofanyika wala amri iliyotolewa. Mtu alimpa mtoto wake kikombe, akaenda kulala kivulini, na hakuamka. Walikufa tisini na saba. Keziya na wanaume wawili, ambao nao hawapo tena, waliwazika katika mchanga wa korongo la Nhumbi, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo jembe liliingia.

Siku ya tisa, dada yake Damari alimwomba maji. Nyemo, binti wa Damari, alikuwa na miaka sita na homa kali. Kikombe kilichobaki kilikuwa kimoja.

"Dada, hiki ni cha mtoto," Keziya alisema.

Damari alikitazama kile kikombe kwa muda. "Haya. Mpe," alisema. Akavua kitenge alichojitanda, akakikunja vizuri, akakiweka karibu na mtoto. Kisha akainuka, akatoka kambini, akaelekea mashariki jua likiwa la utosi.

Keziya alimwona. Alikuwa ameinua kichwa cha Nyemo, kikombe kiko mdomoni mwa mtoto, na mtoto alikuwa anakunywa polepole. Alisema moyoni, akimaliza nitamfuata. Mtoto alipomaliza, Damari alikuwa amekuwa mdogo kama mjusi ndani ya lile joto linalocheza. Bado angeweza kumfikia. Hakwenda. Mwili wake ulikataa, au yeye ndiye aliyekataa. Kwa miaka kumi na sita hakuweza kuyatenganisha hayo mawili.

Gari la maji lilifika siku mbili baadaye. Alikwenda kutafuta, na upepo ulikuwa umefuta nyayo zote. Akarudi, akachimba mahali korongoni, akakizika kile kitenge, akawaambia watu: "Damari nimemzika mwenyewe."

Baada ya hapo watoto hawakulala. Walikaa macho wakitazama milangoni. Ndipo alipochukua mkaa akachora. Kitabu kilipokwisha aliwasomea, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, mmoja baada ya mwingine, walifumba macho.

Walipokuwa wakubwa walianza kumuuliza wazazi wao wamelala sehemu gani ya korongo. Kila aliyeuliza alijibiwa jibu moja: "Wako pamoja wote." Kwa maana akimwonyesha mmoja, wote wangetaka kuonyeshwa. Na Nyemo angetaka kuonyeshwa.

3

Korongo la Nhumbi lilikuwa pana kama uwanja wa mpira na kina chake ni urefu wa watu watatu. Keziya aliposimama ukingoni saa tano na nusu, aliwaona wameketi chini kwa safu, wengine juu ya mikeka, wengine na watoto wao wadogo mapajani. Wengi walivaa nguo za kanisani. Walipomwona walisimama wote, kama walivyosimama zamani alipoingia darasani.

"Mbukwenyi," aliwasalimia kwa Kigogo, na sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti kavu na ngeni.

Waliitikia kwa pamoja.

Akasoma karatasi. Aliisoma yote, mistari minne. Alipomaliza, mvumo wa matiara ukashuka hadi ukingoni. Kule chini akasimama Loi, fundi cherehani wa Chilanga, mwanamke mpole aliyewashonea watoto wa kambi sare zao za kwanza yeye mwenyewe akiwa bado msichana.

"Asante, mwalimu," Loi alisema. "Umechoka. Shuka ukae na sisi."

Hakuna aliyetoka. Msanjila, nyuma yake, alitazama saa. Vilimani upande wa kaskazini anga lilikuwa limekwisha kuwa na rangi ya chuma.

Keziya alishuka, akimshikilia askari mmoja mkono hadi chini. Alimkuta Nyemo ameketi karibu na jiwe kubwa jeusi, amevaa sare ya kituo, miguu peku.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nyemo, unajua maji yanafika hapa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini. Hesabu niliipiga mwenyewe."

"Sasa unafanya nini hapa, mwanangu?"

"Wewe unadhani bado tuna miaka sita?" Nyemo hakupandisha sauti. "Mvuke naujua. Naujua kuliko wewe. Ule mvumo ni waya unatikisika, nami ndiye niliyeukaza. Hapa hakuna anayengoja mama yake ashuke na ndoo kichwani. Labda wawili watatu. Labda Loi."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu hatujalia." Nyemo alichota mchanga, akauachia. "Ulituambia wamepanda angani. Aliyepanda haliliwi. Tukakua, tukakuuliza wamelala wapi, ukasema wako pamoja. Mtu ataliaje juu ya 'pamoja'? Tazama, Ndahani ametandika mkeka pale. Hajui kama amekaa juu ya baba yake au juu ya jirani. Na leo maji yatapita, yatawachukua wote, na hata huo 'pamoja' hautakuwepo tena. Wengine wamesema afadhali tuchukuliwe nao. Mimi sikuwashawishi, mama mdogo. Mimi nilisema tu kwamba nami nitakaa na mama."

Keziya alitazama mchanga ambao Nyemo alikuwa amekalia. Kitenge hakikuwa hata karibu na pale. Kilikuwa chini zaidi, karibu na mpindo wa chini wa korongo, na hakikuwa na mtu ndani yake.

Alijaribu kumshika mkono. Nyemo hakuuvuta, lakini haukuwa mkono wa mtu anayeinuka.

Keziya akapanda ukingoni tena. Askari akamsukuma kwa nyuma. Mhandisi alimuuliza kitu, hakukisikia. Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata Nyemo aliyelelewa nyumbani kwake: kila asubuhi, wakati wa kunawa uso, Keziya aliwataja wale tisini na saba, kuanzia jiwe jeusi kushuka hadi kwenye kitenge pale mpindoni, kwa hatua na kwa upande. Hakupenda kufanya hivyo. Siku aliyojaribu kuacha alihisi wamesimama nje ya bafu, wanangoja zamu.

Akainua kipaza sauti.

"Ndahani! Mwana wa Yoeli!"

Kijana mmoja aliinua kichwa.

"Hapo ulipokaa si kwa baba yako. Namjua alipo. Nawajua wote walipo, mmoja mmoja, mimi ndiye niliyewalaza. Niliwaficha, na sababu ni yangu mwenyewe, nitaisema. Lakini simwonyeshi mtu aliye chini. Panda hapa, simama kando yangu, nitakuonyesha."

Kisha Ndahani akafungua kamba kiunoni, akaja kwenye ukingo, askari wakamvuta. Alipofika juu alikuwa anahema.

"Kutoka jiwe jeusi," Keziya alimwambia, akinyoosha kidole, "hatua saba kushuka, upande wa kushoto. Amelala ubavu, maana mgongo ulikuwa haunyooki. Nilimwacha na kofia yake."

"Ya pama?" Ndahani aliuliza. "Ile yenye tundu?"

"Ile yenye tundu."

Ndahani aliketi palepale, akaweka uso kwenye magoti, na sauti iliyomtoka ilisikika hadi chini. Hapo ndipo wengine walipoanza kusimama.

Walipanda wakiwa wawili wawili, kisha kumi kumi, hadi askari hawakuwa na mikono ya kutosha. Keziya alitembea ukingoni na umati ukamfuata. Hatua kumi na moja, katikati, Tabitha na Peresi, mtu na mdogo wake, mkeka mmoja. Hatua kumi na tano, mzee Hezekia, aliyekufa na tumbaku shavuni. Hatua kumi na tisa, mwanamke aliyefika kambini siku moja akafa kesho yake, ambaye hakupata kumjua jina. "Nilimwita tu mwenye hereni za kijani," alisema.

"Za kijani?" Msichana mmoja alisukuma watu. "Za shanga? Moja imekatika?"

"Moja imekatika."

"Huyo ni Yudita. Ni mama yangu, anaitwa Yudita."

"Yudita," Keziya alirudia, na kwa mara ya kwanza tangu amlaze mwanamke yule mchangani, hakumsikia tena amesimama nyuma yake.

Saa saba na nusu. Upepo ulikuwa umegeuka na kuleta harufu ambayo vijana wale hawakuijua na ambayo Keziya alikuwa amekwisha kuisahau. Vilimani palionekana mistari ya kijivu ikining'inia kutoka mawinguni. Msanjila alikuwa anazungumza na kituo kwa redio, sauti imemkauka. Saa nane kasoro dakika tano, karibu na mwisho, Keziya alimtaja Mariamu, mama yake Loi. Hatua mia moja na sita, upande wa kulia, chini ya mzizi uliochomoza.

Loi alikuwa amepanda kama wengine. Alisikiliza, akautazama ule mzizi, akamshika Keziya mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwalimu. Sasa nimempata."

Akageuka, akatelemka korongoni kwa makalio kama mtoto anayecheza, na kabla askari hajamfikia alikuwa amekimbia hadi kwenye mzizi. Aliketi. Alitandaza sketi yake vizuri.

"Loi!" Keziya aliita. "Loi, nilisema mpande! Loi!"

Loi alimpungia mkono. Askari wawili walishuka kumfuata, na mhandisi akawaita warudi kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, kwa maana redio ilikuwa imemwambia maji yameshapita daraja la juu.

Chini walibaki watu wawili, Loi na Nyemo.

Nyemo alikuwa amesimama kando ya jiwe jeusi muda wote ule. Sasa alikuja hadi chini ya ukingo, akainua uso.

"Nimehesabu, mama mdogo. Umetaja tisini na sita kati ya tisini na saba."

"Panda kwanza."

"Mmoja umemruka."

"Nyemo, panda."

"Yuko wapi mama yangu?"

Keziya alipiga magoti ukingoni. Alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka mkononi mwake, kwa hiyo aliyoyasema yalisikika na wote.

"Hayumo humo. Hakuwahi kuwemo. Nilizika kitenge chake tu. Alitoka kambini kwa miguu, akaenda mashariki, nawe ulikuwa unakunywa maji yake. Nilimwona akienda. Ningeweza kumfuata nikamrudisha, na sikumfuata. Nikakudanganya wewe, na ili nikudanganye wewe nikawanyima hawa wote makaburi yao. Hapo ulipo hujakaa na mama yako, Nyemo. Hakuna mtu hapo wa kukaa naye."

Nyemo alibaki vilevile, uso juu. Midomo yake ilikuwa inahesabu au inaomba. Kisha akauparamia ukingo kwa kucha, na Ndahani na wengine wakalala kifudifudi wakamshika mikono, wakamvuta. Alipofika juu hakumtazama Keziya. Alimpita.

Maji yalikuja kabla hawajakaa sawa. Kwanza sauti, kama malori mengi yanayoshuka mlima kwa gia nzito. Kisha ukuta wa matope, miiba na mapovu ukazunguka mpindo wa juu, haukuwa na haraka kama walivyodhani, ulikuwa unatembea. Ulilimeza jiwe jeusi. Ulimfikia Loi akiwa ameketi, na Loi alisimama. Wote waliona kwamba alisimama, na alikuwa amefungua mikono, lakini wapo walioapa baadaye kwamba mwishoni aligeuka kutafuta njia ya kupanda. Keziya alikuwa mmoja wa walioona hivyo.

Halafu mchanga ukafunguka. Vitu vilianza kupita. Kipande cha mkeka. Kitu cheupe kirefu, na kingine. Hakuna aliyesema ni nini. Watu walianza kuyaita majina waliyokuwa wamepewa saa ile ile, wakiyaelekeza majini, Yoeli, Tabitha, Peresi, Yudita, Mariamu, na wale wachache waliokuja bila mtu wa kumlilia wakalia na wenzao. Walilia kama watoto wa miaka sita. Saa tisa kamili mvua ikaanza kunyesha juu yao, nzito, ya vuguvugu, na hakuna aliyeinua uso kuitazama.

4

Nyemo alikuwa akienda mashariki.

Keziya alimwona akiwa amekwisha kupita magari, na akamfuata bila kuaga. Mhandisi alimwita. Aligeuka mara moja tu.

"Loi alishuka kwa sababu nilimwonyesha," alimwambia. "Uandike hivyo."

"Mia na thelathini na tisa wametoka kwa sababu uliwaonyesha."

"Hilo nalo liandike. Lakini la Loi lianze."

Ardhi ilikuwa inateleza, maji yamesimama juu yake kama juu ya sahani. Keziya alitembea hatua ishirini nyuma ya binti yule, kisha kumi, kwa sababu mvua ilikuwa nzito na aliogopa kumpoteza machoni. Walipita mahali kambi ilipokuwa, ambapo palibaki vishimo vya nguzo tu, na kila kishimo kimejaa.

Mbele kidogo Nyemo alisimama. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni, na kwa kuwa hakuyafuta, haikujulikana yapi yalikuwa ya mvua.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni la bluu. Kitenge alikuachia wewe."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Haya. Mpe.'"

"Basi?"

"Basi."

Nyemo alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama anayelipima neno uzito wake. "Mara ya mwisho ulimwona wapi? Mahali penyewe. Nionyeshe mahali penyewe."

Keziya alitazama mbele. Siku ile palikuwa na kichaka cha miiba, na Damari alikuwa amekipita kwa mkono wa kulia. Kichaka hakikuwepo. Hakikuwepo kichaka chochote. Palikuwa na uwanda mwekundu unaong'aa hadi mwisho wa macho, na mvua inaupiga.

Karibu yao palikuwa na kichuguu kilichobomoka. Keziya alikiona, na jibu likamjia lenyewe, tamu na tayari: *hapo, mwanangu, kando ya kichuguu hicho.* Nyemo angeamini. Angeketi hapo, angelia, angeweka jiwe, na kila mwaka angekuwa na mahali pa kuja. Ingekuwa sentensi moja tu. Juu yao matiara yalikuwa yamenyamaza, kazi imekwisha, na katika kimya kile Keziya alihisi dada yake amesimama mahali fulani kwenye mvua, hana haraka, anasikiliza atakachosema.

"Sipajui tena," alisema. "Nimepatafuta kwa macho, sipaoni. Inaweza kuwa popote hapa."

Nyemo alimtazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu korongoni.

"Popote," alisema.

"Ndiyo."

Akageuka, akaanza kutembea tena, safari hii polepole, anatazama chini. Penye kibonde alisimama. Penye mwinuko alisimama. Kila aliposimama aliinama akagusa ardhi kwa kiganja, akangoja kidogo, kisha akaendelea. Keziya alikuja nyuma yake, na kila mahali ambapo Nyemo alikuwa amegusa, naye aliinama akagusa, hadi mikono yao yote ikawa myekundu na uwanda ukabaki bado mrefu mbele yao.